Nani Atakalia Meza ya Mama Ngalula

Kasungami, Jumatano, baridi inauma

Mama,

Usianze kunigombeza kabla sijamaliza. Nakujua. Ungekuwa hapa ungekuwa umekwisha kushika kiuno, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, unaniuliza, "Ngalula, ile meza yangu ulifanya nayo nini?" Nitakueleza. Ila nitakueleza kwa mpango wangu, si kwa ule wa Mama Mudogo Béa. Najua mdogo wako huyo amekwisha kuja kaburini kukupa habari kwa namna yake, na katika habari zake mimi ni mtoto asiye na haya, anayevaa viatu vya shule juu ya kilio cha mama yake.

Naandika Kiswahili cha kusoma, kile cha kanisani, kwa sababu ulikuwa unasema barua haisafiri na kandambili. Palipo pagumu nitaandika tunavyosema nyumbani. Utanivumilia.

Kwanza habari za nyumba. Mdogo wangu Odia ameota meno ya mbele na sasa mdomo haufungi, anacheka hata akiwa peke yake. Mara nyingine anaita "Mama!" kwa mazoea, halafu ananyamaza, na mimi naitika kama vile niliitwa mimi. Vumbi jekundu limerudi kwenye nguo zote. Mboga zetu za lenga-lenga za nyuma ya nyumba zimekauka, maana kila mmoja alifikiri mwenzake ndiye aliyemwagilia. Papa bado analinda ile nyumba ya wakubwa kule Karavia, anaondoka jua likizama, anarudi asubuhi na baiskeli yake, na hasemi. Hata wewe ukiwapo hakuwa msemaji, lakini ulikuwa unasema kwa ajili ya wote wawili. Sasa tunakula bukari tukisikia matonge yanavyomezwa.

Halafu meza.

Siku tuliyokuzika, Mama Chanda, mkubwa wa wauza unga, alikwenda sokoni, akaifunika meza yako kwa kikwembe chako cha kijani, akaweka juu yake meka yako, lile kopo lako la kupimia unga, mdomo ukiangalia chini. Hakuna aliyeigusa. Wauza unga wote wa mstari ule waliizunguka kama wanavyozunguka mtu aliyelala. Mimi nilifikiri ni heshima tu, nikashukuru. Kumbe heshima yenyewe ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa na jina langu.

Desturi unaijua kuliko mimi, wewe uliyekalishwa pale kambo, bibi yangu aliyekuzaa, alipokufa. Mimi niliisikia kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza nikiwa nimeketi kwenye mkeka, na watu wazima wote wananiangalia mimi. Mama Mudogo Béa ndiye aliyeisema. Kilio kikiisha, meza ya marehemu haibaki tupu. Siku inapangwa. Mtu wa nyumba ile anakuja asubuhi, anaketi kwenye kiti, meka inageuzwa, na kila mama wa mstari anamimina humo kwa kiganja gao moja la unga wake. Halafu yule aliyeketi anauza tangu kufungua hadi kufunga, bila kuinuka kwenda kwingine. Jioni ikifika, meza ni ya nyumba yake. Asipoketi mtu, kikwembe kinakunjwa, na meza inaenda nyumba nyingine. Na Mama Mudogo mwenyewe hawezi kuketi, ana meza yake ya makala, mkaa wa kupikia, na sheria ya mabibi wa soko ni ngumu: muntu mumoja, meza moja.

"Njo wewe wa kukala pale," aliniambia. "Odia ni mutoto. Hakuna mungine."

Nikauliza ni siku gani. Akasema Jumanne, siku ambayo chef wa soko, mkuu wake, atapita kuandika majina ya wenye meza. Jumanne! Mama, nilicheka. Haki ya Mungu kicheko kilinitoka, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu ya jury, ule mtihani wa mdomo ambamo sisi wa Commerciale, tunaosomea biashara, tunasimama mbele ya watu wa nje ya shule na kutetea yote tuliyosoma. Asiyesimama, hamalizi. Hakuna siku ya pili mwaka ule.

Na jambo si la siku moja tu, Mama Mudogo hakunificha. "Ukikala, umekala," alisema. Aliyeketi Jumanne ataketi Jumatano, ataketi mwaka mzima, na hata nikitaka kurudia mwaka wa shule, masomo hayatapata nafasi. Unga hauuziwi dirishani mwa darasa.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia ulipokuwa hai, kwa sababu ulipokuwa hai hakikuwepo. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia kweli kweli, hata picha yako nikaigeuza ukutani, na Odia akaigeuza tena. Kwa nini? Kwa sababu uliniachia maneno mawili na hukuangalia kama yanaweza kukaa nyumba moja. Pale hospitalini, tension, ile presha ya damu, imekupanda, mdomo umekauka, ulinishika mkono ukaniambia, "Ngalula, maliza masomo." Nikasema ndiyo, Mama. Ukafunga macho, nikadhani umelala, ukayafungua tena ukasema, "Na meza yangu isilale." Nikasema ndiyo tena. Nani anamkatalia mgonjwa? Nikaitikia mara mbili, moyo mweupe, na wewe ukaenda zako.

Prof wetu alitufundisha somo moja mwanzoni kabisa, tulipokuwa bado tunahangaika kutofautisha faida na mapato. Alisema ukichagua kitu, bei yake ya kweli ni kile ulichokiacha. Wafaransa wanaliita coût d'opportunité. Nakumbuka nilirudi nyumbani nikakueleza, wewe unachekecha unga, kope zako nyeupe, ukaniambia, "Na hiyo njo banakufundisha kwa kulipa? Si kila bibi anajua?" Ukacheka hadi ukakohoa. Lakini kesho yake nilikusikia unamwambia Mama Chanda jambo lile lile, kwa Kifaransa, kifua mbele, "Ni coût d'opportunité, mama." Ulilisema vibaya, na hukujali.

Basi wiki ile nililielewa somo hilo hadi tumboni, na nikalichukia.

Unakumbuka vita ya mimi kuingia Commerciale? Papa alitaka niende Pédagogie, niwe mwalimu, nikae kivulini. Alisema neno lake moja na neno hilo lilikaa nyumbani siku nyingi: "Kuuza, mama yake anamufundisha bure." Wewe ulimjibu ukiwa umempa mgongo, unaosha sahani, kwamba kuuza unaweza kunifundisha, ila hujui kunifundisha namna ya kutoka kwenye jua. Papa akachukua baiskeli yake akatoka. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za masomo yangu, hata mara moja. Nilikuwa nikileta pointi nzuri, ananiambia "bon", yaani vizuri, anaenda kutia mafuta mnyororo wa baiskeli. Niliamini alikuwa anangoja nianguke.

Sikukaa kimya wiki ile, ujue. Nilikwenda kwa préfet, mkuu wa shule. Alinisikiliza, akanipa pole ya mama yangu, akaniambia jury haipangwi na wanafunzi. Nilikwenda kwa Mama Chanda, nikamkuta anapepeta mahindi, nikamwomba asogeze siku ya kukalisha, siku moja tu, mama, hata nusu. Alinitazama kwa huruma hadi nikajua jibu kabla hajafungua mdomo. Chef wa soko akishapita, hapiti tena hadi apende mwenyewe. Na kuna nyumba nyingine inayongoja, alisema, binti wa dada yake aliyekimbia ndoa mbaya kule Kasumbalesa na watoto mgongoni. Hakunificha, na kwa hilo namheshimu. "Mi nilimupenda mama yako," aliniambia. "Lakini meza haiwezi kulia naye siku zote."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, natukana mawe.

Jumatatu jioni tuliketi tena. Mama Mudogo Béa alikuja na kikwembe kipya, mikono yake bado myeusi kwa makala kwenye kucha, akakiweka mapajani mwangu. Alikuwa amekinunua mwenyewe, si kwamba ana roho mbaya. Alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Meza ile ilimlea kambo, ikakulea wewe, ikakulipia hospitali, ikaninunulia mimi hata hizo kaye, daftari za shule ninazoringia. Diploma watoto wangapi wa Kasungami wanayo, na wanauza nini? Wanauza unite, vocha za simu, kwenye kona. Nilitaka kumjibu. Lakini nilipiga hesabu, Mama, na hapo ndipo paliponiuma. Vitabu vyangu vyote vilikuwa upande wake.

Papa alikuwa amesimama mlangoni, koti la kazi begani, anakaribia kuondoka. Nilimtazama. Nilimtazama waziwazi, nikimwomba kwa macho aseme neno, lolote, hata lile lake la zamani. Aliangalia chini. Akasema, "Nachelewa ku kazi," akapanda baiskeli. Hapo moyo wangu ulifunga mlango. Nilijiambia, Ngalula, wewe huna mtu.

Asubuhi nilivaa nguo za shule. Blauzi nyeupe, sketi ya buluu, nikapaka viatu mafuta ya kula kwa sababu yale ya viatu yalikuwa yameisha. Mama Mudogo alikuwa uani, kikwembe mkononi, ananingoja anivalishe. Aliponiona hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Ukitoka hivi, dada yangu unamuzika mara ya pili." Odia akaanza kulia bila kujua analilia nini. Nikapita. Ee, Mama, nilipita. Nilimpita mdogo wako na kikwembe chake, nikafungua lango, nikatoka.

Njiani nilikutana na Papa anarudi kutoka kazini. Alishuka kwenye baiskeli, macho mekundu kwa kukesha, akaangalia sketi, akaangalia viatu.

"Leo njo leo?"

"Ndiyo, Papa."

Nilingoja matusi. Alivua kofia yake ya sufu, akakung'uta vumbi lililokuwa kwenye bega la blauzi yangu, akaivaa tena. "Basi enda," alisema, akapanda baiskeli. Nilimtazama akienda, nikafikiri, yeye anakwenda kulala. Meza ya mke wake inakufa leo na yeye anakwenda kujifunika blanketi. Nilimchukia hadi kwenye kona ya barabara kubwa, kisha nikaanza kukimbia kwa sababu nilikuwa nachelewa.

Jury walikuwa watatu. Mzee mmoja wa benki, mama mmoja mwenye miwani na koti zuri ambaye hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, na bwana mmoja mfupi anayefanya kazi za forodha, mwenye sauti iliyozoea kupigia madereva kelele. Prof wetu alikaa nyuma, haruhusiwi kusema. Nilisimama.

Maswali ya kwanza yalipita vizuri. Yule wa forodha aliuliza kwa nini bei ya unga inapanda hapa mjini malori yakikwama mpakani, nami nikajibu bila kufikiri, maana hilo ni somo lako, ulinifundisha nikiwa bado nanyonya kidole. Ofa, yaani bidhaa inayoletwa sokoni, imepungua, mahitaji yako palepale, watu hawaachi kula bukari kwa sababu lori limelala Kasumbalesa. Akatikisa kichwa. Nikapumua kidogo.

Halafu mama mwenye miwani akauliza, bila kuinua uso, "Fonds de commerce ni nini? Toa mfano."

Mama. Kati ya maswali yote ya dunia.

Nilijua jibu. Fonds de commerce ndiyo biashara yenyewe ukitoa kuta na bidhaa: ni wateja wanaorudi, ni jina wanalolijua, ni mahali walipozoea kukukuta. Haionekani, lakini inauzwa, inarithiwa, na inakufa. Nilisema yote hayo kwa Kifaransa safi. Kwa mfano ningeweza kusema duka la dawa, hoteli, salon ya nywele, mifano iliyo kwenye kaye. Mdomo wangu ukasema, "Meza ya mama yangu."

Wote watatu wakainua macho.

Nikaanza, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nikawaambia kuna meza sokoni Kasungami, ya mbao, haina hata paa la maana. Wateja hawasemi wanakwenda kununua unga, wanasema wanakwenda kwa Mama Ngalula. Jina hilo ni langu mimi, mama yangu aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama wamama wote, kwa hiyo kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiitaja biashara kwa jina langu na mimi sijaketi pale. Yule wa forodha akanikatiza. Alisema meza ya soko ni mali ya serikali ya mji, haina fonds yoyote, mtu akiondoka anaandikwa mwingine. Nikamjibu kwamba mbao ni za mji, lakini wale wanaovuka meza nyingine zote kuja kwake si wa mji, ni wake. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Prof nyuma akanifanyia ishara ya mkono nishuke.

Mzee wa benki akauliza kwa upole, na upole wake ulinimaliza, "Na leo, hiyo meza nani anaikalia?"

Sikuweza kudanganya. Nilisema, "Sijui, monsieur. Ilitakiwa nikae mimi, leo, saa hizi. Niko hapa. Kama hakuna aliyeketi, basi mfano wangu umekwisha kufa ninavyosema nanyi." Machozi yakaja, nikayaacha. Yule mama mwenye miwani aliandika kitu kirefu, akakipigia mstari, akasema naweza kwenda. Hadi leo sijui aliandika nini. Matokeo bado. Prof alinifuata nje, akaniambia sikupaswa kulia lakini sikupaswa pia kunyamaza, sasa nielewe nini hapo?

Nilitoka shuleni mbio. Sikuwa na sababu ya kukimbia, jua lilikuwa limekwisha kupita kichwani, kama kikwembe kimekunjwa kilikuwa kimekunjwa. Lakini nilikimbia. Nilitaka nikutane na aibu yangu mapema, niimalize. Nilipanga hata maneno ya kumwambia binti wa dada yake Mama Chanda: kaa vizuri, kiti kina mguu mmoja mfupi, weka jiwe.

Nilipofika kwenye mstari wa unga nilikuta watu wamejaa. Wanasukumana. Wamama wanacheka kwa sauti ya kupasua, mmoja ameshika mbavu. Nikafikiri, tayari wanamshangilia mwenye meza mpya. Nikapenya kwa viwiko, na blauzi yangu nyeupe ikachafuka.

Alikuwa Papa.

Mama, Papa! Ameketi kwenye kiti chako, magoti yamepanda hadi kifuani kwa sababu kiti ni kifupi na yeye ni mrefu. Koti la ulinzi limejaa unga, nyusi zimejaa unga, kofia ya sufu imejaa unga. Hajalala tangu juzi. Kila mteja anamjazia meka hadi inafanya kilima, halafu kwa matabisi, lile gao dogo la kumfurahisha mteja ambalo wewe ulilitoa kwa vidole vitatu, yeye anaongeza kwa mikono yote miwili, uso wa kazi kabisa, kama mtu anayejenga ukuta. Ndiyo maana watu walijaa. Habari ilikuwa imefika hadi mwisho wa mtaa kwamba kuna mwanaume anagawa unga! Na Mama Chanda anapiga kelele juu ya vichwa, "Papa Ngalula! Uko nauza ao uko nagawa?"

Alinihadithia baadaye, Mama Chanda. Walikuwa wamekwisha kushika ncha za kikwembe wakunje, yeye upande mmoja, Mama Mudogo upande wa pili akilia, chef wa soko amesimama na kalamu. Papa akatokea na baiskeli. Alikuwa amefika nyumbani, akakuta uani Odia peke yake, akamuuliza wakubwa wako wapi, hakungoja hata maji ya kunawa. Akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akasema, "Mi ni muntu wa ile nyumba." Wakamwambia hapa hakujawahi kuketi mwanaume. Akauliza kama desturi inasema mwanamke au inasema mtu wa nyumba. Wakatazamana. Mabibi wale wote, na vinywa vyao tunavyovijua, wakampisha. Akaketi. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Mama Chanda mwenyewe akageuza meka na kumimina gao la kwanza, na anasema alimimina akitazama chini, kwa sababu binti wa dada yake alikuwa amesimama palepale anaangalia. Hilo nalo nakuambia, usije ukadhani furaha yetu haikumgharimu mtu. Wamekubaliana atauza na Mama Chanda kwa zamu hadi meza nyingine ipatikane. Nimemsalimia. Hakuitika vizuri, na simlaumu.

Niliposimama mbele yake, Papa aliniona kwanza viatu. Akapandisha macho.

"Ulisema yote?" aliniuliza.

"Nilisema, Papa."

"Bon."

Ile ile "bon" yake, Mama. Nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia. Nililia pale mbele ya wateja, yeye hakujua aweke wapi mikono yake yenye unga, akanipa meka. "Basi nionyeshe kupima," alisema, "juu hawa batu banakula nyumba yangu." Soko zima likaangua kicheko. Sikuketi kwenye kiti, siku ile ilikuwa yake, nisingeiharibu. Nilipiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya jury, nikamwonyesha namna ya kupitisha kiganja juu ya meka, unga ukae sawa na ukingo, na matabisi ya vidole vitatu. Alijifunza vibaya. Mkono wake unapenda kujaza. Jioni tulikuwa tumeuza kuliko siku zako nyingi, na tulikuwa tumepata hasara. Nilimweleza inavyowezekana kuuza sana na kupata hasara. Alisikiliza hadi mwisho, ananiangalia mdomo, kisha akaniuliza swali. Swali zuri, lenye akili. Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu masomo yangu.

Mama Mudogo Béa bado ananinunia. Lakini leo asubuhi alimletea Papa mto wa kuketia, akautupa kwenye kiti bila kumtazama, akaenda zake. Unamjua.

Sasa mpango ni huu. Papa ameomba kwa mwenye nyumba wa Karavia abadilishiwe zamu, na kama hatakubali sijui tutafanyaje, sitakudanganya. Asubuhi ataketi yeye. Mimi mchana. Matokeo yakitoka nitakuja kaburini nikuambie kwa mdomo wangu, yakiwa mazuri au mabaya, kabla ya Mama Mudogo. Nikianguka nitarudia mwaka, na nikianguka tena nitarudia tena. Hilo ni neno langu, na safari hii nimeliangalia pande zote kabla ya kulisema. Na Odia nitamfundisha kusoma bei, na hatavaa blauzi ya shule akifikiri anamzika mtu.

Pumzika, Mama. Maneno yako mawili yamepata mahali pa kukaa, mmoja amebeba moja na mwingine la pili. Sikukasirikii tena. Nimekukumbuka tu, na hiyo ni ngumu zaidi.

Papa yuko hapa pembeni, anakoroga chai yake kwa kijiko na haina hata sukari. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Aliweka kijiko chini. Kisha akasema, na naandika kama alivyosema:

"Muambie tangu alienda nilikuwa nazunguka na njia ya nyuma, juu nisione meza yake tupu. Muambie sasa napita mbele."

Mtoto wako,
Ngalula